Hesabu ya Maji: Habari za Safari za Motokaa katika Jangwa la Libia



Siku moja nilipokuwa nikifundisha hesabu, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, hesabu hizi za galoni na maili zina faida gani kwa mtu ambaye hana motokaa, wala baba yake hana?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lilikuwa la haki, na mwalimu asiyeweza kujibu swali la namna hiyo yafaa aiweke chaki yake chini. Nikamwahidi kwamba nitamjibu, lakini si kwa neno moja.

Leo nataka kulijibu swali hilo mbele yenu wote. Nitawasimulia habari za watu waliosafiri katika Jangwa la Libia, wengine kwa punda, wengine kwa ngamia, na wengine kwa motokaa walizoziendesha wenyewe. Mtaona jinsi hesabu ndogo, ambayo mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, ilivyowatenga wale waliorudi nyumbani na wale ambao mifupa yao ilibaki mchangani.

Jangwa la Libia ni upande wa mashariki wa jangwa kuu la Sahara. Limeenea katika nchi tatu, yaani magharibi ya Misri, mashariki ya Libia, na kaskazini-magharibi ya Sudani. Eneo lake ni maili za mraba zaidi ya 400,000, kubwa kupita Tanzania nzima. Wala si nyika ya miiba na nyasi kavu kama tuzijuazo sisi, ambamo mchungaji aweza kuchimba katika mchanga wa mto mkavu akapata maji ya kunywesha ng'ombe wake. Huko mna mahali ambapo mvua haionekani miaka mingi mfululizo, hapana mti wala majani. Visima ni vichache, na kutoka kisima hata kisima huenda ikawa mwendo wa maili 200 au zaidi. Ndani ya jangwa hilo mna Bahari Kuu ya Mchanga. Humo vilima vya mchanga vimepangana safu baada ya safu kutoka kaskazini kwenda kusini, na vilivyo virefu hupata futi 300 na kuzidi.

Hofu ya jangwa hilo ni ya zamani sana. Herodoto, Myunani aliyeandika historia katika karne ya tano kabla ya Kristo, asimulia kwamba Kambise, mfalme wa Waajemi, alipoiteka Misri alipeleka jeshi la watu 50,000 kwenda kuiharibu Siwa. Jeshi hilo, asema, lilifunikwa na dhoruba ya mchanga, lisionekane tena. Wataalamu wengi wa leo hawaisadiki habari hiyo kama ilivyoandikwa, walakini watu wameikumbuka miaka 2,500, maana ilieleza jambo ambalo kila msafiri wa huko alilijua: wingi wa watu si nguvu jangwani. Watu wengi maana yake ni vinywa vingi.

Lakini msidhani kwamba watu wa kale wote walikuwa wajinga wa jangwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wapimaji wa nchi waliotoka oasisi ya Dakhla, katika Misri, waliona jambo la ajabu. Maili zaidi ya 100 kutoka kisima chochote, chini ya kilima kidogo, walikuta mitungi mingi ya udongo, mikubwa, imelala mchangani, mingine mizima na mingine imevunjika. Kilima kile huitwa Abu Ballas, maana yake Baba wa Mitungi. Watu wakajiuliza: Ni nani aliyeileta mitungi hii mahali pasipo maji, na kwa sababu gani?

Jibu lilikamilika mwaka 1999 na miaka iliyofuata, ilipoonekana kwamba Abu Ballas ni kituo kimoja tu katika njia ndefu. Vituo vya namna hiyo vinapata 30, na njia yote yapata maili 250, kutoka Dakhla kuelekea nyanda za juu za mawe ziitwazo Gilf Kebir. Mitungi mingine ina umri wa miaka karibu 4,000, yaani ni ya zama za Mafarao. Katika siku hizo Wamisri hawakuwa na ngamia wa kuchukua mizigo jangwani, walikuwa na punda. Sasa fikirini. Punda akienda maili 20 kwa siku, njia ya maili 250 ni siku 13. Punda hawezi kukaa siku 13 bila kunywa, wala hawezi kuchukua mgongoni maji ya kumtosha yeye na bwana wake siku hizo zote. Basi walifanyaje? Walituma punda wengine kwanza, na mitungi, wakaweka maji kituo cha kwanza wakarudi, kisha kituo cha pili wakarudi, na hivyo hivyo. Msafara wenyewe ulipoondoka, maji yalikuwa yamekwisha kutangulia. Hapana shaka mtu fulani alikaa kitako nyumbani, chini ya kivuli, akahesabu punda na mitungi na siku. Jina lake halikuandikwa, lakini kazi yake tunaiona hata leo.

Kutoka huko na turuke miaka mingi. Mwaka 1874 Mjeremani Gerhard Rohlfs alitoka Dakhla pamoja na ngamia, akitaka kwenda magharibi mpaka Kufra. Alichukua maji katika masanduku ya chuma yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa viriba vya ngozi huvuja na kukauka. Baada ya siku kadhaa alifika penye safu za Bahari Kuu ya Mchanga, akaona kwamba ngamia wake hawawezi kuzipanda moja baada ya moja. Akafanya hesabu ya maji yaliyobaki. Angeweza kushupaa, kwa kuwa alikuwa ametumwa na wakubwa na jina lake lilikuwa hatarini. Lakini alikubali hesabu, akaacha kwenda Kufra, akageuka kaskazini, akafuata mabonde yaliyo katikati ya safu za mchanga mpaka akafika Siwa na watu wake. Njiani Mungu aliwanyeshea mvua, jambo lililo adimu kabisa, na mahali hapo Rohlfs alipaita Regenfeld, yaani Uwanja wa Mvua. Walakini hakuigeuza safari kwa kutumaini mvua. Aliigeuza kwa sababu ya hesabu, na mvua ikawa nyongeza.

Baadaye, mwaka 1923, Mmisri Ahmed Hassanein alisafiri kwa ngamia kutoka Sollum, pwani ya kaskazini, mpaka El Obeid katika Sudani, maili zipatazo 2,200. Katika safari hiyo alionyesha mahali milima ya Arkenu na Uweinat ilipo, ambayo haikuwa imetiwa katika ramani. Uweinat ina chemchemi chini ya mawe yake. Kujua mahali penye maji, na kupaandika katika ramani kwa usahihi, ni sawa na kuwapa wasafiri wote wa baadaye mtungi uliojaa.

Sasa twaja kwenye motokaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kiingereza katika Misri walitumia motokaa ndogo za Ford kulinda upande wa jangwa, wakajifunza mengi. Kisha mwaka 1926 alifika Misri ofisa mmoja, jina lake Ralph Bagnold, mtu wa miaka 30, fundi wa simu za jeshi aliyesomea uhandisi. Wenziwe walipopata likizo walikwenda michezoni. Yeye na rafiki zake wachache walinunua motokaa kwa fedha zao wenyewe, wakaanza kwenda jangwani, kwanza karibu, kisha mbali, kisha mbali zaidi. Mwaka 1929 na mwaka 1930 waliingia katika Bahari Kuu ya Mchanga, ambayo watu walisema motokaa haiwezi kabisa kuipita, na mwaka 1932 walisafiri mpaka El Fasher katika Sudani. Wala Bagnold hakuwa peke yake. Mwaka 1929 huo huo, Mhangari László Almásy aliongoza motokaa za Steyr kutoka Mombasa kwetu hata Aleksandria katika Misri, na baadaye akawa mmoja wa wachunguzi wakubwa wa jangwa lile.

Je, Bagnold aliwezaje? Tuchukue mambo manne aliyoyatengeneza kabla ya kuondoka.

La kwanza ni maji ya motokaa. Injini ikipata moto, maji ya rejeta huchemka, na mvuke hutoka ukapotea hewani, na dereva huongeza maji mengine. Jangwani hiyo ni kama kumwaga damu. Basi walifunga mpira kutoka rejeta mpaka debe lililofungwa kando ya motokaa, lenye maji nusu. Mvuke uliingia katika maji yale baridi ukageuka maji tena. Debe lenyewe likianza kuchemka, dereva alisimama na kuielekeza motokaa kwenye upepo. Injini ilipopoa, rejeta iliyavuta maji yote na kuyarudisha ndani. Hila hii ilikwisha kutumiwa na wale askari wa vita ya kwanza, na kwa hiyo motokaa iliweza kwenda siku nyingi pasipo kuomba maji ya mtu.

La pili ni mchanga wenyewe. Tazameni kwato za punda na mguu wa ngamia. Kwato ni ndogo na ngumu, huzama. Mguu wa ngamia ni mpana na laini, hukanyaga juu. Basi walipunguza upepo katika mipira ya magurudumu, ili ipanuke chini kama mguu wa ngamia. Walijifunza pia kusoma mchanga kwa macho, upi mgumu na upi mwororo, kwa maana upepo huushindilia upande mmoja wa kilima na kuumwaga upande wa pili. Na motokaa iliponasa, walitoa mabati mazito ya chuma yenye kingo zilizokunjwa, urefu kama futi tano, ambayo Bagnold aliyaona kwa mwuza vyuma vikuukuu mjini Cairo. Wakayaingiza chini ya magurudumu ya nyuma, wakasukuma, motokaa ikatoka. Chombo hicho kingali kikitumika na wasafiri wa majangwa duniani kote.

La tatu ni njia. Dira ya sumaku hudanganywa na chuma cha motokaa, hata dereva akitaka kuisoma vema hana budi kusimama na kutembea mbali kidogo. Kwa hiyo walitumia dira ya jua. Ni sahani ya duara iliyoandikwa digrii, na katikati yake imesimama sindano. Kivuli cha sindano huanguka juu ya sahani, na dereva huendesha akikilinda kivuli kikae mahali pake. Kwa kuwa jua latembea, sahani hugeuzwa kidogo kidogo kwa kufuata saa. Na maili walizihesabu kwa kipimo cha motokaa. Hivyo kila walipokwenda waliandika: upande gani, maili ngapi.

Usiku walithibitisha hesabu yao kwa nyota. Hapa, wasikilizaji, radio yaingia katika habari hii. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa. Atakaye kujua yuko mbali gani mashariki au magharibi hana budi kujua saa iliyo sahihi kabisa. Saa yake ikikosea dakika moja tu, atajidhani yuko maili kama 15 mbali na mahali alipo, na kisima hakionekani kwa umbali wa maili 15. Basi wasafiri wale walichukua radio ndogo, wakasikiliza mlio wa saa uliopelekwa hewani kutoka mbali, wakasahihisha saa zao. Mlio ambao wengi wetu huusikia bila kuujali ulikuwa uhai kwa watu wale.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni hesabu ya mzigo. Wanafunzi, shikeni vibao vyenu. Tuseme watu sita wana motokaa tatu, maana mtu mwenye akili haendi jangwani na motokaa moja. Ikivunjika, atapanda nini? Safari ni maili 600 kwenda na kurudi, wala hapana kisima njiani. Penye ardhi ngumu motokaa moja yaenda maili 12 kwa galoni moja, na penye mchanga mwororo maili 6 tu. Tuseme njia nusu ni ngumu na nusu ni mchanga. Maili 300 kwa 12 ni galoni 25. Maili 300 kwa 6 ni galoni 50. Jumla galoni 75 kwa kila motokaa, na kwa motokaa tatu galoni 225. Debe moja ni galoni nne, basi ni madebe 57.

Sasa maji. Wakienda maili 60 kwa siku, ni siku 10. Kila mtu apewe galoni moja kwa siku ya kunywa na kupikia: galoni 60. Na siku za kuharibikiwa je? Tuongeze siku tano: galoni 30. Jumla galoni 90, madebe 23. Galoni ya maji ina uzito wa ratili 10, basi maji peke yake ni ratili 900. Petroli ni nyepesi kidogo, tuseme ratili 7 kwa galoni, basi ni ratili karibu 1,600. Hata kabla ya kutia chakula, vipuri, spana, mablanketi na watu wenyewe, kila motokaa imekwisha kubeba ratili zaidi ya 800. Na motokaa yenye mzigo mzito huzama zaidi mchangani, na ikizama hula petroli zaidi, na petroli zaidi ni mzigo zaidi. Mzigo wala mzigo. Basi mtaelewa kwa nini wasafiri wale waling'oa katika motokaa zao kila kitu kisichohitajiwa, na kwa nini walipotaka kwenda mbali walifanya kama wale wenye punda wa zama za Mafarao: walipeleka madebe mbele, wakayaweka akiba njiani, na ndipo wakaanza safari. Akiba haiozi.

Tena madebe yenyewe yalikuwa na hila zao. Madebe ya bati jepesi, kama yale tuliyoyazoea sisi kwa mafuta ya taa, hutoboka yakisuguana garini, na petroli huvuja kimya. Hesabu iliyo sahihi katika karatasi huwa ya uongo ikiwa debe lavuja. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliyaona madebe imara ya chuma ya Wajeremani, yenye kuchukua lita 20, wakayaiga.

Yawezekana mmoja wenu anasema moyoni, "Haya ni mambo ya mabwana wenye likizo na fedha." La, sivyo. Sikilizeni yaliyotokea mwaka 1931. Mwezi wa Januari mwaka ule jeshi la Italia liliiteka Kufra, oasisi iliyo katikati ya jangwa. Watu wa Kufra, wanaume, wanawake na watoto, walikimbia. Hao hawakuwa wageni wa jangwa. Walilijua kuliko Rohlfs, kuliko Bagnold, kwa kuwa walizaliwa ndani yake. Walijua kiasi cha maji anachohitaji ngamia, na kiasi cha mtoto. Lakini hawakupewa muda. Waliondoka na kilichokuwa mkononi. Wengine walielekea Uweinat, karibu maili 200, na maji ya Uweinat hayakuwa na malisho ya kutosha kwa wanyama wao. Kutoka Uweinat mpaka Dakhla ni maili zaidi ya 300 zisizo na kisima. Wengi walikufa njiani. Mpimaji wa nchi wa serikali ya Misri, Patrick Clayton, aliyekuwa jangwani na motokaa zake, aliwaokoa baadhi yao, na watu wa Dakhla waliona wenzao wakitokea mchangani kama mizimu.

Nawaambia habari hii ili msidhani kwamba kila afaye jangwani ni mjinga au mzembe. Watu wa Kufra walikuwa na elimu yote. Kilichoondolewa kwao ni siku chache za kujaza viriba. Yeye aliye na siku hizo na asizitumie, ana udhuru gani?

Mwezi wa Oktoba 1939, vita ya pili ilipokuwa imeanza, Bagnold alikuwa katika meli iliyoleta askari huku kwetu, akielekea Kenya. Meli yake iligongana na nyingine katika Bahari ya Kati, ikalazimika kutengenezwa Port Said, na Bagnold akaenda Cairo kuwaona rafiki. Huko Jemadari Wavell alipata habari zake, akamzuia asiendelee. Mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani, Wavell alimpa Bagnold majuma sita kuunda kikosi cha kupenya jangwani kwa malori. Majuma sita! Lakini Bagnold hakuanza wakati ule. Alikuwa amekwisha kujifunza kwa miaka mingi, kwa fedha yake, wakati ambapo hakuna aliyemwamuru. Kikosi chake cha kwanza kilikuwa cha watu wa New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea kutunza mashine zao wenyewe. Waling'oa milango, vioo na mapaa ya malori, wakafunga madebe ya kurudisha mvuke na dira za jua, wakaenda mahali ambapo adui hakudhani mtu aweza kutokea.

Katika vita hiyo hiyo jangwa lilitoa somo la pili, lililo chungu. Asubuhi ya tarehe 4 Mei 1942, ndege tatu za Jeshi la Anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kufra kwa safari fupi ya mazoezi. Ndani yake walikuwa watu 12. Walikuwa wageni wa jangwa lile, wakapoteza hesabu ya njia, wasijue Kufra iko upande gani. Ndege zikatua salama mchangani. Watu wote walikuwa hai, na vyombo vyao vyenye nguvu kupita motokaa yoyote ya Bagnold vilikuwa mbele yao. Wakaitumia petroli iliyobaki kuruka huku na huku wakitafuta njia, mpaka ikaisha, na maji waliyokuwa nayo yalikuwa machache. Siku kumi zilikuwa hazijatimia ndege zilipopatikana. Kati ya watu 12, mmoja tu alikuwa hai.

Wasikilizaji, wekeni habari hizi mbili kando kwa kando. Punda wa zama za Mafarao walifika, na ndege za mwaka 1942 hazikufika. Mtu asiseme kwamba chombo ndicho kinachomvusha mtu jangwani. Jangwa huvukwa nyumbani kwanza, kwa kalamu, na aliyekwisha kulivuka katika karatasi ndiye atakayelivuka katika mchanga.

Siku hizi wako wasafiri waendao huko na magari yenye nguvu na vyombo vinavyosoma njia kwa kupokea mawimbi kutoka mitambo iliyo juu angani. Vyombo hivyo ni vizuri, lakini chombo kinaweza kukuonyesha mahali ulipo hata tone la mwisho la maji yako, kisiweze kukuongezea la pili. Sheria ni zile zile. Usiende na gari moja. Mwachie mtu nyumbani habari ya njia yako na siku ya kurudi kwako, ili usipoonekana utafutwe. Hesabu maji ya safari, kisha hesabu maji ya msiba. Andika, kabla ya kuondoka, mahali pa kugeukia. Na ukifika hapo na akiba haitoshi, geuka kama Rohlfs, hata ikiwa unakokwenda kunaonekana kwa macho. Gari likiharibika, kaa nalo, maana gari huonekana kwa mbali kuliko mtu. Majuto ni mjukuu, na jangwani mjukuu huyo hazaliwi mapema.

Bagnold alifariki mwaka 1990, mzee wa miaka 94. Kitabu alichokitoa mwaka 1941, kueleza jinsi upepo unavyochukua mchanga na kuujenga kuwa vilima, kingali kikisomwa, hata na wataalamu wanaochunguza vilima vya mchanga vya sayari ya Mars. Mtu yule aliyeanza kwa kuhesabu madebe alimaliza kwa kuwafundisha wenye elimu wa dunia.

Basi, mwanafunzi wangu uliyeniuliza swali, ikiwa unanisikia, hili ndilo jibu lako. Huna motokaa, na pengine hutaliona Jangwa la Libia maisha yako yote. Lakini utakuwa na ghala, na watoto, na miezi iliyo kati ya mavuno na mavuno. Miezi hiyo ni safari isiyo na kisima njiani. Magunia mangapi? Vinywa vingapi? Siku ngapi? Na mvua ikichelewa, siku ngapi zaidi? Hesabu hiyo ni ile ile ya maji, wala haihitaji motokaa. Yahitaji mtu aifanye mapema, chini ya kivuli, kabla hajaona kiu.

Kwaherini.